Mpaka Mkono wa Kelebonye Ulipofika

Watu wakikuambia kwamba Kelebonye alikuwa mwanamke wa kujitenga, usiwasikilize. Sisi ndio tuliomtenga. Aliolewa na Moagi, fundi wa reli hapa Mahalapye, wakakaa miaka mingi bila mtoto, na nyumba yao haikuwa na kimya hata siku moja. Redio inaimba, wao wanabishana juu ya mpira, Moagi anacheka mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Kisha mwezi wa Novemba, mvua ndiyo kwanza zimeanza, Moagi akaanguka bafuni asiinuke tena. Walimzika Jumamosi. Jumapili asubuhi shangazi yake Moagi, Mma Gabaipone, akamvisha mjane gauni jeusi na shali nyeusi ya kufunika mabega, akamkalisha chini kumpa masharti.

Masharti hayo kila mtu kwetu anayajua. Mjane ana joto. Si homa, ni joto la kifo, na linaambukiza. Hashikani mikono na mtu. Njiani anapita pembeni. Jua likizama awe ndani. Hakanyagi shamba la mtu, maana mazao yatadumaa na mvua itakimbia. Akilazimika kukatiza njia panda, anabandua ganda la mogaga, kile kitunguu-pori alichofungiwa kwenye pindo, analitupa chini ndipo apite.

"Mwaka mzima," alisema Mma Gabaipone. "Siku hizi wanavua nguo baada ya miezi mitatu, eti kazi, eti mjini. Kwetu hapana. Moagi alikuwa mtoto wa kaka yangu."

"Nimesikia, shangazi."

"Na huko kazini kwako je? Si unalea mimea wewe?"

"Iko ndani ya nyumba ya plastiki, shangazi. Hata mvua haifiki."

Mma Gabaipone akafikiri kidogo, akajikuna kidevu. "Kama mvua haifiki, si shamba," akaamua. Hivyo ndivyo Kelebonye alivyonusurika kuachishwa kazi na ukoo wa mumewe.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kituo kidogo cha mbegu, ng'ambo ya reli. Alikuwa fundi wa maabara, mwenye diploma yake, na ndiye aliyetunza kitalu nyumba. Mwaka ule walikuwa wanalea kunde za ajabu kidogo. Dakta Pelonomi, mkuu wa utafiti, mwanamke wa mbio mbio ambaye chai yake hupoa mezani kila siku bila kunywewa, alizipata katika maelfu ya miche aliyoikagua, na hakuna aliyemuuliza habari za kunde hizo akatoka mapema.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndani ya kila seli ya jani kuna ghala dogo, na ndani ya ghala kuna kalsiamu, ile ile tunayoambiwa iko kwenye mifupa na maziwa. Ghala lina milango. Mdudu aking'ata jani, au kitu kikiligusa, milango inafunguka, kalsiamu inamwagika nje, na habari inakimbia mmea mzima: tunaliwa! Mmea unaacha kurefuka, unatia uchungu kwenye majani ili mdudu ashindwe. Mambo yakitulia milango inafungwa, kalsiamu inarudishwa ghalani, maisha yanaendelea. Sasa kunde hizi zilizaliwa na kosa mahali padogo mno kwenye jeni ya mlango huo. Ukishafunguka unakawia kufungwa. Basi. Kosa ni hilo tu, na mmea unashinda ukihangaika kama unaliwa, wakati hakuna anayeula. Unakuwa mfupi, majani mazito ya kijani kilichoiva mno, maua yanachelewa mpaka unakata tamaa.

"Lakini vidukari havizisogelei," Dakta Pelonomi alikuwa akisema, macho yanang'aa. "Nikizizalisha na kunde za kawaida, nikapata iliyo katikati, hofu yake kidogo na urefu wake kidogo, mama zetu hawatapoteza shamba zima kwa vidukari tena."

Ili apate hiyo ya katikati, kwanza kunde zenyewe zilipaswa kutoa mbegu. Nazo zilikuwa chache, zimejaa meza moja tu ndefu iliyosukumwa ukutani. Mbegu zote zilizokuwapo zilishapandwa. Zisipozaa kabla ya baridi ya Juni, ukoo wao ulikuwa umekwisha. Ndiyo maana sheria ya kitalu ilikuwa moja: usiziguse. Maji yanawekwa chini, kwenye trei. Feni inazungushwa polepole. Kibao cha USIGUSE pale mlangoni Kelebonye alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, na alimfokea hata Dakta siku mkono wa koti lake ulipopitia juu ya majani.

Kule kazini masharti ya ujane yalimfuata vilevile. Ditiro, fundi wa pampu, alikuwa mtu mwema na mtani asiyechoka, lakini asubuhi Kelebonye akimpa ufunguo alirudi nyuma hatua.

"Weka juu ya ndoo, dada. Si ubaya, unajua mambo."

"Ufunguo nao una joto?"

"Ufunguo hauna. Wewe ndiye unao. Na mimi bado nataka kuoa, nisije nikaungua kabla ya harusi."

Kelebonye alicheka, kwa sababu Ditiro alichekesha kweli, kisha akauweka juu ya ndoo. Jikoni kwa wafanyakazi walimwekea kikombe chake peke yake. Kanisani benchi lake lilibaki wazi pande zote mbili. Hakuna aliyemsema vibaya. Walimpungia mkono kwa mbali, "Dumela, mma!", wakamletea mtama na mboga ya majani ya kunde, wakaviacha kwenye kizingiti. Watu wema wote! Na katika wema wote huo hapakuwa na mmoja aliyemshika hata kiwiko. Moagi alikuwa na tabia ya kulala amemshika sikio, kama mtu anayeogopa kuibiwa. Sasa usiku sikio lile lilikuwa baridi, naye alikuwa mpweke, mpweke wa kuumwa mwili. Sina neno zuri zaidi, na sitalitafuta.

Ilianza Februari, kwa bahati mbaya tu. Aliinama kubadili trei, jani moja la pembeni likampitia kwenye kifundo cha mkono. Jani la kunde, la baridi, lenye vinyweleo vidogo. Kelebonye akasimama pale pale. Alijua fika kwamba ni jani. Hata hivyo machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kesho yake hakuinama kwa bahati mbaya. Alipitisha kiganja juu ya safu ya mbele polepole, kama mtu anayepita chumbani kwa watoto waliolala, mmoja baada ya mwingine vichwani.

"Mmeamkaje?" akawauliza. "Mimi sijambo. Nasema sijambo maana hakuna anayetaka jibu jingine."

Ikawa desturi. Kila asubuhi, kabla Ditiro hajaja kuwasha pampu, alianzia kwenye mmea wa kona karibu na mlango, ambao ndio aliouzoea kuliko yote, akaenda nao mpaka mwisho wa meza. Aliwasimulia bei ya unga, alichoota, namna Moagi alivyomtongoza kwa kumletea kuku mgonjwa. Sheria alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote. Alijiambia mkono wake ni mwepesi, si meno ya mdudu, na anayependa haumizi. Mtu akitaka kitu hukosi kumsikia akijiambia maneno ya namna hiyo.

Aprili ikafika, na meza ikaanza kusema. Safu za mbele zilikuwa zimedumaa kupita kiasi, majani yamejikunja kama masikio ya mbuzi anayenyeshewa. Safu za nyuma, zile zilizo karibu na ukuta, zilikuwa fupi kwa kawaida yao lakini zimesimama sawasawa, na kwenye vikwapa vya majani vilionekana vichipukizi vya maua. Ditiro ndiye aliyesema kwanza. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akapiga mluzi.

"Ona basi. Anapopita yeye ndipo palipoharibika. Njia yake hiyo hapo, mtu haulizi."

Hakuishia kusema. Siku iliyofuata Dakta Pelonomi alipoinama kuangalia trei, alikuta maganda ya mogaga yamepangwa chini ya meza toka mwanzo hadi mwisho. Akatoka nayo yamejaa kiganjani, sauti imepanda juu.

"Nani ameleta vitunguu kwenye kitalu changu?"

"Ni dawa ya kupoza, Dakta," Ditiro akajibu bila haya.

"Kupoza nini? Feni si ipo?"

"Feni haipozi kifo, Dakta."

Dakta Pelonomi alisoma nje ya nchi na ana vyeti ukuta mzima, lakini bibi yake alikuwa wa hapa hapa. Aliyatupa maganda kwenye pipa, akanawa mikono mara mbili, akapita kando ya Kelebonye kwa kukunja bega kidogo. Pengine hata yeye hakujijua. Kelebonye aliliona lile bega.

Jumatano Dakta akawaita wote wawili ofisini. Alikuwa amechoka, na chai ilikuwa imepoa kama kawaida.

"Nimeamua. Hizi kunde hazieleweki. Meza moja, udongo mmoja, maji mamoja, halafu nusu zinakua na nusu zinadumaa? Ukoo wenyewe hauna msimamo. Nikipeleka matokeo ya namna hii watanicheka. Ijumaa tunang'oa zote, tunaanza na kitu kingine."

"Zote, Dakta?" Kelebonye akauliza.

"Zote. Siwezi kuzalisha kitu nisichokielewa."

Kelebonye akarudi kwenye kitalu peke yake. Alisimama mbele ya meza, pale anaposimama kila asubuhi, akanyoosha mkono mbele kadiri unavyoweza kwenda, bila kugusa. Ncha za vidole vyake zilikomea juu ya mmea wa mwisho uliodumaa. Mbele ya vidole, inchi chache tu, ulianza mstari wa ile iliyosimama. Akasogea hatua, akanyoosha tena. Ikawa vilevile. Akaenda hivyo meza nzima. Kila mahali mstari ulikuwa mpaka mkono wake ulipofika, wala haukupita.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Basi watu walikuwa wamesema kweli. Hawakujua walisemalo, lakini walisema kweli: ni yeye. Mkono uliokuwa unatafuta kupumzika mahali ulikuwa unafungua milango ya maghala kila kunapokucha, na viumbe wale hawakuwahi kuifunga kabla hajarudi tena. Kila alipoona anawabembeleza, wao waliona wanaliwa. Jamani! Angalau angekuwa na joto la kifo, lingekuwa jambo la ukoo, si lake. Hili lilikuwa lake peke yake.

Angeweza kunyamaza. Ijumaa kunde zingeng'olewa, aibu ingeng'olewa nazo, na kazi ingebaki. Akisema, labda kunde zitabaki, lakini nani angemwachia tena funguo za kitalu? Na bila kitalu angekaa wapi mchana kutwa, mbele ya kabati la nguo za Moagi? Alifikiria hayo usiku mzima. Alhamisi akaingia ofisini kabla hajavua shali.

"Dakta, kosa si la mbegu. Ni mimi."

"Aa, mma, tafadhali. Na wewe unaniletea habari za joto?"

"Si joto. Ni mkono. Nilikuwa nazishika."

"Unazishika vipi?"

Kelebonye akamwonyesha hewani, kiganja kikipita polepole juu ya kitu kisichokuwepo. Dakta akautazama mkono ule.

"Tangu lini?"

"Februari. Kila asubuhi. Zile za nyuma sizifikii."

"Lakini kibao si umekiandika wewe mwenyewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu tangu Novemba hakuna mtu aliyenigusa, Dakta. Hata wewe."

Alilisema bila kupandisha sauti. Dakta Pelonomi akatazama meza, akatazama kikombe, halafu taratibu uso wake ukaanza kubadilika, na Kelebonye akadhani, sasa atasimama, sasa atanishika. Dakta akasimama kweli.

"Ngoja. Zile za nyuma hukuzigusa kabisa? Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Kwa hiyo zinazaa kama hazijaguswa! Ukoo uko sawa! Ni mguso tu, milango inafunguka haifungwi upesi, na sisi tumeuona hapa hapa mezani. Loo! Rula iko wapi? Ditiro! Rula!"

Akatoka mbio. Kelebonye akabaki amesimama katikati ya ofisi, ametoa neno kubwa kuliko yote aliyowahi kutoa, na jibu lake limekuwa rula.

Ijumaa hakukung'olewa kitu. Dakta, baada ya kupima mpaka jioni, alimwambia aendelee na kitalu, kwa sharti kwamba asiguse tena hata jani lililoanguka. Hakumsema kwa mtu. Ila Ditiro alisikia, na alitembea kifua mbele wiki nzima. "Mimi si nilisema ni yeye? Mkono, joto, ni yale yale." Hakukosea sana, na hilo ndilo lililoudhi.

Sasa ndipo upweke ulipokuwa upweke. Kelebonye aliingia kila asubuhi mikono yote miwili imefungwa ndani ya shali, kama mtoto aliyekatazwa kitu dukani. Alibadili trei akiwa amezuia pumzi. Hakuongea nazo tena, kwa sababu akianza kuongea mkono ungefuata. Wakati mwingine vidole vilimuwasha mpaka akavisugua kwenye ukuta wa nje, kwenye matofali, mradi viguse kitu. Nyumbani alikuwa akiukunja mkono chini ya shavu ndipo alale. Wala hakuona kwamba anafanya jambo la kusifiwa. Alikuwa anazinyima kunde kitu ambacho hazikukitaka, na anajinyima yeye kitu alichokitaka, na ndiyo ilikuwa kazi yake.

Maua yakafunguka nyuma, ya zambarau hafifu. Yakaja maganda membamba yakielekea juu. Safu za mbele nazo zikaanza kujinyoosha moja moja; milango ile inakawia kufungwa, lakini inafungwa. Baridi ilipoanza kuuma Juni, mbegu za bahasha kadhaa zilikuwa zimeshakauka na kuhifadhiwa, na Dakta Pelonomi alikuwa anaimba kwenye korido. Ukoo wa kunde umepona. Mmea wa kona tu, ule wa karibu na mlango, ambako kila asubuhi alianzia, haukutoa hata ua moja. Ulikauka ukiwa na urefu wa kidole. Walipoisafisha meza, Ditiro ndiye aliyeutupa. Kelebonye aliomba asilazimishwe kuutupa mwenyewe.

Novemba ikarudi. Mma Gabaipone alimnyoa nywele, akamwogesha kwa maji ya dawa, akachoma gauni jeusi nyuma ya nyumba, akamvisha jipya la rangi ya machungwa. Nyama ya mbuzi iliyochemshwa mpaka ikalainika ilikuwa inatwangwa sufuriani, wanawake wanaimba, watu wamejaa ua. Ditiro alikuja na mchumba wake. Dakta alikuja na keki. Mma Gabaipone akamsimamisha mjane mbele ya wote, akatangaza kwa sauti ya watu wa zamani:

"Amepoa! Huyu sasa ni mtu kama ninyi. Mpeni mikono!"

Na yeye, kama mkubwa, akatangulia, akaishika mikono yote miwili ya Kelebonye kwa nguvu.

Kelebonye akapiga ukelele. Si wa furaha. Alipiga ukelele wa mtu aliyeunguzwa, akaivuta mikono yake, akaikumbatia kifuani. Nyimbo zikakatika. Ditiro, aliyekuwa anafuata kwenye mstari, akabaki mkono hewani.

"Nimekuumiza?" akauliza Mma Gabaipone.

"Hapana, shangazi. Sijui. Samahani. Sijui ni nini."

Watu wakaanza kutazamana, na mmoja nyuma akanong'ona kwamba labda joto halijatoka lote. Mma Gabaipone akageuka na macho makali. "Nyie nendeni mkale! Nyama inapoa." Kisha akamchukua Kelebonye, bila kumshika, kwa kumwonyesha njia tu, mpaka nyuma ya nyumba, penye majivu ya lile gauni. Wakakaa kwenye mkeka.

"Mimi mwaka wangu ulipokwisha," shangazi akasema, "mchungaji alinipa mkono mbele ya kanisa zima. Nikamzaba kofi."

Kelebonye alimtazama. "Kofi, shangazi?"

"La nguvu. Miwani ilienda kule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kukaa bila kuguswa kunauma, na siku ukiguswa kunauma zaidi? Ungevaa gauni lile wewe?"

"Kwa nini ulinivisha basi?"

Mma Gabaipone alijifuta pua kwa upande wa kitenge. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkeka katikati yao, kiganja kikitazama juu, mkono wa mzee uliochoka kutwanga, akauacha pale.

"Mimi sina haraka," alisema.

Kelebonye aliutazama. Ulikuwa karibu, ndani kabisa ya pale mkono wake unapofika. Mikono yake bado ilikuwa inawaka kwa ule mshiko wa kwanza. Siku hiyo hakuweza kuugusa. Lakini shangazi hakuuondoa, na wakakaa hivyo wote wawili mpaka wageni walipomaliza kula na kuanza kuaga.